Mlipaji Asiyesoma

Jan Ephraim hakuwa mtu wa mashairi. Alikuwa baharia mstaafu wa Kiholanzi mwenye baa katika kichochoro cha Spiegelgasse, mjini Zürich, na shida yake mwanzoni mwa 1916 ilikuwa ile ile ya kila mwenye baa: viti vitupu. Hugo Ball, Mjerumani aliyekimbilia Uswisi pamoja na mwenzake Emmy Hennings ili kuikwepa vita, alipomwendea kuomba ukumbi hakumhubiria habari za sanaa mpya. Alimwambia kuwa watu wakija kusikiliza watakunywa bia, watakula soseji na mikate. Ephraim akakubali. Tarehe 5 Februari Cabaret Voltaire ikafunguliwa, na miezi michache baadaye likatoka jarida lenye jina hilo hilo, toleo moja tu, ambamo neno Dada, jina la harakati yao ya sanaa, lilionekana kwenye chapa.

Nimeanza na soseji kwa makusudi. Tukizungumzia majarida madogo ya ushairi, hasa ya Wajerumani, tumezoea kuyasifu kwa lugha ya shambani: ni vitalu, humo ndimo waandishi wakubwa walimochipua. Sifa hiyo siipendi. Inalipima jarida dogo kwa mambo yaliyotokea mahali pengine, miaka mingi baadaye, na inalifunika swali ambalo kila aliyewahi kuhariri jarida amelala nalo: karatasi atalipia nani? Nimeisoma historia hii kwa miaka kadhaa kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, na naona jambo moja likijirudia. Jarida la majaribio halihitaji wasomaji wengi. Linahitaji mlipaji asiyelisoma. Siku mlipaji anapoanza kusoma, ndipo mhariri hutafuta kazi nyingine.

Ephraim ndiye kielelezo changu cha kwanza, ingawa yeye alikuja kusikiliza kidogo. Tarehe 23 Juni 1916 Ball alipelekwa jukwaani gizani, amebebwa, kwa sababu alikuwa amevishwa mirija ya kadibodi na miguu haikunjiki. Akasoma mashairi yasiyo na neno hata moja la lugha yoyote. Maarufu zaidi ni lile la msafara wa tembo, linaloanza "jolifanto bambla o falli bambla". Mwenye Kiswahili akifika kwenye "tumba" na "kusa gauma" sikio linasimama, kama vile umesikia jina lako likiitwa sokoni, ukageuka, kumbe anaitwa mwingine. Si Kiswahili. Si kitu chochote. Lakini walikuwa wakiiota Afrika, hilo halifichiki. Mwenzao Richard Huelsenbeck alikuwa na mashairi aliyoyaita ya watu weusi, kila ubeti ukiishia "umba umba". Ephraim, ambaye ubaharia ulikuwa umemfikisha Afrika, akamwambia kwamba nyimbo za huko haziko hivyo, akampa maneno mengine. Huelsenbeck akayasoma, ila mwisho wa kila ubeti akairudisha umba umba yake. Hivyo mhakiki wa kwanza wa ushairi wa Dada alikuwa muuza bia, na mhakiki huyo alikuwa na haki.

Na hilo jina, Dada? Tristan Tzara, mwenzao mwingine, katika ilani yake ya 1918, alitaja maana zake sehemu mbalimbali za dunia: Wakru wa Afrika Magharibi huita hivyo mkia wa ng'ombe mtakatifu, mahali fulani Italia ni mama, na kadhalika. Pwani ya Afrika Mashariki hakufika. Inashangaza kidogo, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameitawala nchi ya waongea Kiswahili kwa miongo mitatu hivi, na Tanga walikuwa na shule ya serikali iliyochapa gazeti la Kiongozi, lenye mashairi ya vina na mizani ndani yake. Mtoto yeyote wa Tanga angewaeleza dada ni nani. Kiongozi lenyewe ni kinyume kamili cha ninachokieleza: mlipaji alikuwa serikali, na serikali ilisoma kila mstari.

Kwa nini mashairi yasiyo na maneno? Si utani mtupu. Ball aliandika katika shajara yake kwamba wanaiacha lugha iliyoharibiwa na uandishi wa magazeti. Tukumbuke ni mwaka gani. Magazeti ya Berlin, Paris na London yalikuwa yanaeleweka vizuri sana. Kila neno lilikuwa na maana yake, na maana zote zilikuwa zinawapeleka vijana mahandakini. Mtu akisema "bambla" hajamtuma mtoto wa mtu yeyote kufa.

Lakini kuna waliofanya kazi ngumu zaidi kuliko Dada, kwa maneno yenye maana, nao nawapenda zaidi. August Stramm alikuwa mtumishi wa posta Berlin. Alikuwa na udaktari wa Chuo Kikuu cha Halle, tasnifu yake ikihusu nauli moja ya barua kwa dunia nzima. Asubuhi posta, usiku tamthilia na mashairi ambayo hakuna aliyeyataka, mpaka alipompata Herwarth Walden, mhariri wa Der Sturm, jarida lililoanzishwa Berlin mwaka 1910. Walden alikuwa na akili ya biashara: tangu 1912 aliendesha pia nyumba ya maonyesho ya picha kwa jina hilo hilo. Mnunuzi wa picha hakuwa na haja ya kusoma shairi. Na posta, iliyomlipa Stramm mshahara, nayo haikusoma.

Vita vilipoanza aliitwa jeshini akiwa kapteni. Kutoka mstari wa mbele akawa anamtumia Walden vitu kama hiki, kinachoitwa "Patrouille", doria:

Die Steine feinden
Fenster grinst Verrat
Äste würgen
Berge Sträucher blättern raschlig
Gellen
Tod.

Angalia mstari wa kwanza. "Feind" ni adui. Kijerumani kina kitenzi cha kumfanyia mtu uadui, lakini kina kiambishi mbele yake, "anfeinden", na kinamtaka yule anayefanyiwa. Stramm amekata kiambishi, amemwondoa mtendwa, ikabaki: mawe yana-adui. Hayamwadui mtu. Yana-adui tu, kama vile mvua inavyonyesha. Askari wa doria usiku haoni adui. Anaona mawe, na mawe yanafanya kitendo ambacho hakikuwa na kitenzi mpaka usiku ule. Nimejaribu hivi:

Mawe yana-adui
Dirisha lakenua usaliti
Matawi yakaba
Milima vichaka vyapukutika vikichakarika
Vyapiga yowe
Kifo.

Siridhiki. "Mawe yana-adui" kila msomaji ataisoma kwamba mawe yanamiliki adui, na hapo risasi imekwenda upande. "Mawe yanatufanyia uadui" ni sarufi safi na shairi maiti. "Yanaaduika" inakaribia, ila mnyambuliko wa -ika unayageuza mawe kuwa ndiyo yaliyofanywa. Shida ni ya ndani zaidi kuliko msamiati. Stramm anapata nguvu kwa kuvua: anavua kiambishi, kibainishi, kiunganishi, mpaka linabaki shina tupu. Kijerumani kinaweza kuvuliwa nguo na bado kikasimama. Kitenzi cha Kiswahili ukikivua viambishi hakisimami, kinageuka amri. "Kaba!" Sasa ni matawi yanayoamrishwa. Ndiyo maana nasema majaribio hayahamishiki kama mzigo wa kontena. Aliyeko Dar es Salaam anayetaka kufanya alichokifanya Stramm itambidi aende njia ya kinyume, arundike viambishi hadi kitenzi kipasuke.

Stramm aliuawa upande wa mashariki tarehe 1 Septemba 1915, ana umri wa miaka 41.

Kurt Schwitters wa Hannover ndiye aliyelielewa suala la mlipaji kuliko wote, tena akalifanyia mzaha kuanzia jina la jarida lake. Neno Merz alilipata kwa mkasi. Alikuwa akikata na kubandika tangazo la benki, Kommerz- und Privatbank, na kipande kilichobaki kwenye picha kilikuwa silabi hiyo moja. Kuanzia 1923 mpaka 1932 alitoa jarida la Merz, na mwaka 1924 akafungua ofisi ya kusanifu matangazo. Toleo la 11, la mwaka huo huo, lilihusu matangazo na uchapaji, na ndani yake mna matangazo ya wino wa Pelikan, kampuni ya pale pale Hannover, yaliyosanifiwa na mhariri mwenyewe. Pelikan ilitaka kuuza wino. Schwitters alitaka karatasi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, na kwa kweli ni vigumu kusema kurasa zipi ni sanaa na zipi ni biashara, jambo ambalo nadhani ndilo alilolitaka.

Toleo la mwisho la Merz, la 24, lilikuwa na shairi moja tu, Ursonate, lililopangwa herufi na Jan Tschichold, mmoja wa mabingwa wa uchapaji wa karne iliyopita. Ni sonata ya sehemu nne, kama ya muziki, isipokuwa ala ni mdomo. Inaanza "Fümms bö wö tää zää Uu". Na mwanzo huo haukutoka kichwani mwa Schwitters. Raoul Hausmann, Berlin, 1918, alikuwa amechapisha mabango ya herufi zilizopangwa kwa bahati nasibu kwenye kiwanda cha uchapaji, mojawapo likianza na fmsbw. Schwitters akalichukua kokoto hilo akalijengea nyumba kwa takriban miaka kumi.

Mwaka 1933 ikaja serikali ya Hitler, inayosoma kila kitu, na hapo hakuna mengi ya kuchambua. Schwitters alikimbilia Norway 1937, kisha Uingereza 1940, ambako alifungwa kambini kwanza kwa sababu ni Mjerumani. Akafia huko 1948. Walden alikuwa ameshahamia Moscow mwaka 1932, akiamini. Alikamatwa na dola ya Stalin, akafa gerezani Saratov mwaka 1941.

Baada ya vita lugha yenyewe ilikuwa na aibu. Hili wasomaji wetu hulisahau wanapoona ushairi wa Kijerumani wa miaka ya 1950 unacheza na herufi kama mtoto na vipande vya mbao. Maneno makubwa, taifa, damu, ardhi, heshima, yalikuwa yametumika kazi chafu kwa miaka 12, na wengi walioyatumia walikuwa wamerudi ofisini. Kijana mwenye akili angeanza na maneno gani? Alianza na herufi.

Ernst Jandl alikuwa kijana huyo. Alikuwa mwalimu wa sekondari Vienna, na alikuwa amepelekwa vitani akiwa kijana. Mwaka 1957 akaandika shairi linaloitwa "schtzngrmm". Ni neno "Schützengraben", handaki la askari, lililong'olewa irabu zote. Mabaki ni konsonanti: zinapasuka, zinasaga, zinapiga kama bunduki ya rashasha, na mwisho inabaki t moja na nyingine mbili. "Tot" ni mfu; irabu yake nayo imeuawa. Jaribu jambo hilo kwa neno letu "handaki" utabaki na "hndk", ambayo kwa sikio la Mswahili si bunduki, ni mtu aliyepaliwa. Silabi zetu huishia na irabu. Ukiziua, hakuna vita, kuna kimya. Pengine hilo nalo ni shairi, lakini si lile.

Mwaka huo huo jarida la Vienna liitwalo neue wege lilichapisha mashairi kadhaa ya majaribio ya Jandl. Tatizo lilikuwa kwenye pochi: neue wege lilikuwa jarida la taasisi ya tamthilia kwa vijana, likisambazwa mashuleni. Kwa hiyo walimu na wazazi wakasoma, wakawaka, na mhariri Friedrich Polakovics, aliyeyapitisha, akaondolewa kwenye nafasi yake. Jandl akahangaika karibu miaka kumi kabla ya kitabu chake Laut und Luise kutoka Uswisi, mwaka 1966, katika nyumba ya uchapaji ya Kikatoliki huko Olten. Msimamizi aliyekitoa, Otto F. Walter, alikuwa wa ukoo wenye jina la kampuni yenyewe. Wakubwa wa kampuni wakakisoma. Kabla mwaka haujaisha Walter alikuwa nje, na kitabu kile kilikuwa miongoni mwa sababu.

Katika kitabu hicho mna shairi la mistari mitano kuhusu kulia na kushoto, "rechts" na "links" kwa Kijerumani. Mashairi kama hayo watu huwa wanayafungua kwa ufunguo wa falsafa. Jandl amebadilisha l na r tu, kila mahali, huku anasema wapo wanaodhani kulia na kushoto havichanganyiki, na kwamba hilo ni kosa kubwa. Basi. Mzungu wa Vienna anahitaji sekunde mbili tatu kuielewa. Sisi hatuhitaji hata moja, maana nusu ya vichekesho vyetu vimejengwa hapo: mtu anayekwenda kupiga kula, na mgombea anayeomba kura akimaanisha kula.

Nalijua kwa uchungu. Tukiwa vijana wanne Dar es Salaam tulitoa jarida letu, kurasa 16, nakala 40, fotokopi. Mwenzetu mmoja, ambaye hakuwahi kumsikia Jandl, aliandika shairi la uchaguzi ambamo kila r ilikuwa l na kila l ilikuwa r: watu wamepanga foleni wapige kula, wamerudi nyumbani hawana cha kura. Dada wa steshenari aliyetuchapia alikuwa mtu makini mno. Akasahihisha yote. Tukachukua nakala zetu 40 zenye shairi linalosema kwamba watu walipanga foleni wakapiga kura, kisha wakarudi nyumbani hawana cha kula. Kila neno kweli tupu. Lilikuwa taarifa ya habari. Tulipomlalamikia alisikitika kweli, akatuambia usahihishaji ule hakututoza. Toleo la tatu halikutoka, ingawa si kosa lake, pesa ziliisha.

Nisiwe mkali kwa wanaosoma na kukasirika. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi huru bila vina, walinzi wa mapokeo walisema si mashairi hayo. Ugomvi ule ulidumu miaka. Lakini walikuwa wamesoma, na walijua hasa ni kitu gani kimeondolewa. Kuna utofauti kati ya msomaji mwenye hasira na mlipaji mwenye hasira. Wa kwanza anaandika barua. Wa pili anafunga bomba.

Stuttgart, 1959, mlipaji alikuwa chuo kikuu na msomaji wa kwanza alikuwa mashine. Theo Lutz, mwanafunzi aliyekuwa karibu na mwanafalsafa Max Bense, alipata muda kwenye kompyuta ya Zuse Z22, chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya hesabu. Akakipa nomino 16 na vivumishi 16 kutoka riwaya ya Kafka kuhusu ngome, maneno machache ya kuunganishia, akakiacha kichague kwa kubahatisha. Matokeo yakachapishwa katika augenblick, jarida dogo la Bense. Yanaanza: "NICHT JEDER BLICK IST NAH. KEIN DORF IST SPÄT." Yaani: si kila mtazamo uko karibu, hakuna kijiji kilichochelewa.

Nakipenda hicho kijiji ambacho hakikuchelewa, na najua hakuna mtu aliyekifikiria. Leo, programu zinapoandika hotuba za harusi na rambirambi, watu huliita jaribio hilo babu yao. Sidhani. Programu za siku hizi zinataka uamini kuwa kuna mtu nyuma ya sentensi. Lutz alitaka uone kuwa hayupo, na kwamba sentensi inasimama hata hivyo. Kitu kingine, cha fundi: kwa Kiswahili Z22 isingefua dafu kwa jedwali lile dogo. "Kijiji kilichochelewa", "ngome iliyochelewa", "wageni waliochelewa": kivumishi hakikai kisanduku peke yake kikisubiri kupigiwa kura, kinasubiri kwanza kujua ngeli. Ushairi wa bahati nasibu kwa Kiswahili lazima uanze na nomino; zikishachaguliwa, nusu ya bahati imekwisha.

Graz, mji wa Austria, nitapita haraka kwa sababu habari zake zinajulikana. Jarida la Manuskripte lilianza 1960, kurasa za kudurufu, mikononi mwa Alfred Kolleritsch na Günter Waldorf, wasanii walipoutwaa mkahawa uliotelekezwa kwenye bustani ya mji na kuufanya ukumbi wao. Peter Handke na Elfriede Jelinek walichapisha humo wakiwa wachanga. Jelinek akapata Nobel 2004, Handke 2019. Hapo ndipo watu wa vitalu hupiga makofi. Mimi naangalia mahali pengine: Kolleritsch alikuwa mwalimu wa sekondari, kama Jandl, na alilihariri jarida lile mpaka kifo chake 2020. Miaka 60. Mshahara wa mwalimu ndio ruzuku ya zamani kuliko zote, na wizara haisomi kabisa.

Kisha kuna Berlin Mashariki, ambako hoja yangu inapinduka na kuniangukia.

Ujerumani Mashariki kila kitu cha kuchapwa kilihitaji kibali. Lakini kulikuwa na mwanya: kazi za sanaa, picha za kuchonga na kupiga chapa kwa mkono, ziliruhusiwa bila kibali zisipozidi nakala 99. Vijana wa mtaa wa Prenzlauer Berg wakagundua kuwa picha inaweza kuwa na maandishi. Ndivyo yalivyozaliwa majarida ya miaka ya 1980, Mikado, Schaden, ariadnefabrik na mengine. Hebu liwazie moja mkononi. Maandishi ya taipureta, karatasi nyembamba zilizopangwa na kaboni katikati ili mpigo mmoja utoe nakala kadhaa; ya juu nyeusi, za chini zinafifia hadi kivuli, na msomaji wa mwisho anapapasa o na e kwa kukisia. Picha za kamera zimebandikwa kwa gundi, moja moja. Jalada limepigwa chapa kwa skrini, rangi bado inanuka. Linapita mkono kwa mkono jikoni. Hakuna mlipaji kabisa.

Ndani yake mashairi yanavunja maneno. Bert Papenfuß alikuwa hodari wa hilo: tahajia iliyoteguka, maneno yaliyokatwa katikati ili nusu nyingine iseme siri. Katika nchi ambayo sentensi rasmi zilikuwa zimeganda kiasi kwamba unajua mwisho wake kabla hujafika, kutegua silabi kulionekana kutosha. Hawakutaka kuipinga serikali kwa hoja, maana hoja zingekuwa za lugha yake. Walitaka kuondoka ndani ya lugha hiyo. Nilipoyasoma kwanza nilidhani hapa ndipo ndoto imetimia: jarida lisilo na mlipaji, kwa hiyo lisilo na bwana.

Oktoba 1991, akipokea Tuzo ya Büchner, tuzo kubwa ya fasihi ya Kijerumani, mshairi na mwimbaji Wolf Biermann alimtaja hadharani Sascha Anderson, mshairi na mratibu mkuu wa mtaa ule, kuwa mpelelezi wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, na akamtukana tusi zito. Mafaili yakathibitisha. Mapema 1992 akajulikana mwingine, Rainer Schedlinski, mhariri wa ariadnefabrik, aliyekuwa akiandika humo insha nzito kuhusu lugha na mamlaka. Serikali ambayo haikutoa hata senti ya ruzuku ndiyo iliyokuwa msomaji makini kuliko wote. Ilijua nani ameandika nini, jikoni kwa nani, na nani alicheka.

Wapo waliosema basi yote ni takataka. Siwafuati. Shairi la Papenfuß halikuandikwa na Anderson. Lakini zile insha za Schedlinski sasa huzisomi mara moja. Unazisoma mara mbili, ya pili ukijiuliza kama mtu anayeripoti kwa mamlaka si ndiye anayejua kwa undani zaidi jinsi mamlaka yanavyoingia katika sentensi. Ni swali lisilopendeza. Majarida yenyewe yamo maktabani Dresden, yamehifadhiwa kidijitali, yakiwa na mapengo ya gundi na kila kitu.

Na kilichobaki ni ukuta. Eugen Gomringer, mzaliwa wa Bolivia na raia wa Uswisi, ndiye baba wa kile kinachoitwa ushairi thabiti: maneno machache, yamepangwa kama nyota angani, nafasi tupu ikifanya kazi sawa na neno. Mwaka 1953 alianzisha na wenzake jarida la Spirale huko Bern. Shairi lake "avenidas", la 1951, kwa Kihispania, lina njia kuu, maua, wanawake, na mwisho mtu mmoja anayestaajabia. Lilikaa kwenye kurasa ndogo miaka 60 bila kumkera mtu. Mwaka 2011 chuo kimoja cha Berlin, Alice Salomon, kikampa tuzo na kuliandika shairi hilo kwenye ukuta wake wa nje. Mwaka 2016 wanafunzi wakaandika barua: huyo anayestaajabia anafanya nini hapo, na kwa nini wanawake wamewekwa kwenye orodha moja na maua? Magazeti ya Ujerumani yakajaa kelele za udhibiti wa sanaa. Januari 2018 chuo kikaamua, na baadaye mwaka huo ukuta ukapakwa rangi, shairi la Barbara Köhler likachukua nafasi.

Katika kelele zile wengi waliwaona wanafunzi kuwa adui wa ushairi. Mimi naona walifanya ambacho wapenzi wa Gomringer hawakuwa wamefanya kwa miaka 60: walisoma kila neno, na kuuliza kila neno liko hapo kwa nini. Ndivyo ushairi thabiti unavyoomba kusomwa. Jarida la Bern lilikuwa limemkinga na msomaji wa namna hiyo. Ukuta wenye ukubwa wa nyumba haukuweza.

Mwaka 2019 ushirika wa nyumba katika eneo lile lile la Hellersdorf ulilipandisha tena shairi hilo, safari hii kwenye jengo la makazi. Wapangaji wanalipa kodi yao kila mwezi, na wanapita chini ya maneno hayo na mifuko ya sokoni.